Namna ya kusimamisha karavani sawasawa bila kuumia



Mara hii hatutasema juu ya mashimo wala juu ya mashini za kuvunja mawe. Tutasema juu ya karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na kamioneti, ambamo wenzetu wa sondaji na wa jeolojia wanalala wakati kazi inawapeleka porini kwa majuma mengi. Kule Ulaya watu wanaivuta kwenda kupumzika kando ya ziwa wakati wa konji. Huku kwetu ni chombo cha kazi, lakini uzito ni ule ule, na vidole vya mutu ni vile vile. Zamani Wafaransa waliita karavani misafara ya watu wenye kubeba mizigo, kama ile iliyofika Bunkeya kwa mwami Msiri mbele ya mwaka wa 1891. Wale walilala chini, hawakuwa na kazi ya kusawazisha kitu.

Shofere anaogopa njia. Anapima upepo wa mipira, anafunga mizigo, anakwenda polepole pahali pabaya, na hiyo ni vizuri. Kisha anafika kambini, jua linashuka, watu wana njaa, na kila mumoja anafikiri kwamba hatari imebaki nyuma kwa barabara. Sivyo. Wakati karavani inafunguliwa kwa kamioneti, hakuna tena kitu kizito chenye kuishika. Nusu saa ile ya kufika, na nusu saa ya kuondoka, ndizo tunazopaswa kuogopa.

Tufanye hesabu moja. Karavani yenye uzito wa kilo 1500 iko kwenye muteremuko wa sentimeta 5 kwa kila meta moja. Muteremuko kama huo jicho linauona kwa shida. Lakini karavani inasukuma kwenda chini kwa nguvu ya kilo 75 hivi. Kwa sentimeta 10 kwa meta, ni kilo 150, na hapo watu wawili hawatoshi kama udongo unateleza. Ikisha kuanza kutembea, hata wanne hawawezi. Kwa hiyo mutu asijitie kamwe mbele yake kuishika na mikono ao na mabega. Piga kelele, ondoka njiani, acha iende ikapige muti. Karavani inanunuliwa tena.

Sasa mutu atauliza: kwa nini kujisumbua kuisawazisha? Si kulala tu? Kulala kichwa chini usiku kucha kunaleta maumivu ya kichwa, ni kweli, lakini hiyo ni kidogo. Frigo ya gazi inataka kusimama sawa. Ndani yake mna maji ya dawa yanayozunguka kwa kushuka yenyewe; kama frigo imeinama, yanakwama, frigo inaacha kutoa baridi na mwisho inaharibika. Na katika kambi ya mbali frigo ile ndiyo inayolinda nyama na dawa zinazotaka baridi. Lakini sababu kubwa ni uzito. Karavani iliyoinama inaegemea upande mumoja, na kila mutu anayepanda ndani anaongeza kuegemea kule.

Kwanza, pahali. Mbele ya kuingiza karavani, shuka kwa kamioneti utembee na miguu yako pahali pote itakaposimama. Piga udongo na kisigino. Katika Katanga tunajua vichuguu vyetu vikubwa. Kando yake udongo unaweza kuwa na tundu ndani, na hata pahali ambapo kichuguu kilisawazishwa na katapila, chini panaweza kuwa wazi. Angalia matundu ya wanyama pia. Angalia juu: tawi lililokauka linaanguka na upepo wa kwanza wa mvua. Angalia njia ya maji. Udongo mwekundu ambao mwezi wa Agosti ni mugumu kama matofali, mwezi wa Januari unakuwa uji, na gurudumu linazama usiku watu wakiwa wamelala. Pahali palipo juu kidogo na pagumu panapita kivuli kizuri kilicho bondeni.

Sasa kazi yenyewe. Ina utaratibu, na utaratibu ndio dawa. Kila kosa nililoliona kwa watu walioletwa kwetu lilikuwa la kufanya jambo la pili mbele ya la kwanza.

Jambo la kwanza: kusawazisha kulia na kushoto kunafanywa wakati karavani ingali imefungwa kwa kamioneti. Hapa wengi wanaharibu. Wanafungua kwanza, kisha wanaanza kuinua upande mumoja na kriki, karavani ikiwa peke yake juu ya magurudumu mawili kama baiskeli. Hapana. Weka nivo ya masoni chini ndani ya karavani, karibu na magurudumu, ikitazama kulia na kushoto. Kisha toka nje: wakati wa kupima na kuinua, mutu asibaki ndani. Kama nivo hakuna, chupa inayoonyesha ndani, yenye maji nusu na kufungwa vizuri, ikilazwa, inatosha kukuonyesha upande ulio chini. Kama nivo ya meta moja inataka kuinuliwa sentimeta 2 ili ilale sawa, na kati ya magurudumu kuna meta mbili, basi gurudumu la chini linataka sentimeta 4. Usikadirie na macho. Pima.

Tafuta ubao mugumu wa unene ule, mpana kuliko mupira, murefu kutosha gurudumu zima likae juu yake. Kata ncha yake kwa kuinamisha ili gurudumu lipande bila kuruka. Weka ubao mbele ya gurudumu la chini, na shofere avute polepole sana mpaka gurudumu lipande. Mutu mumoja tu anamwongoza shofere, anasimama kando, pahali ambapo shofere anamwona kwa kioo. Kama shofere hamwoni tena, anasimama hapo hapo. Si watu watatu wenye kupiga kelele, huyu anasema njoo, yule anasema rudi. Na hakuna mutu anayesimama kati ya kamioneti na karavani, hata kwa dakika moja, hata kama ni shefu.

Karavani yenye magurudumu mawili kila upande inataka yote mawili ya upande wa chini yapande. Ukiinua moja tu, hilo moja linabeba uzito wa mawili.

Kama inataka zaidi ya sentimeta 10, pahali hapo si pazuri. Tafuta pengine, ao chukua jembe uchimbe chini ya gurudumu lililo juu. Kushusha upande wa juu ni salama kuliko kupandisha upande wa chini. Watu hawapendi jembe saa kumi na moja ya jioni, najua.

Juu ya mbao: tofali la udongo linavunjika bila kutangaza. Tofali la sima lenye matundu ni vile vile, linabeba leo na kesho linapasuka mara moja. Jiwe la mviringo linateleza. Tumia muti mugumu. Na muti wenyewe uangaliwe, kwa sababu muchwa wa kwetu hawachezi. Ubao uliolala udongoni miezi mitatu unaweza kuonekana muzima huku ndani umebaki ngozi tu. Upige na nyundo. Kama sauti ni ya ngoma, uchome moto, upikie chai.

Jambo la pili: freni na kabari. Karavani ikisha kulala sawa kulia na kushoto, vuta freni ya mukono mpaka mwisho. Kisha weka kabari, ndivyo vipande vya muti vilivyokatwa kama ulimi, mbele na nyuma ya magurudumu, pande zote mbili, na uvipige mpaka vishike. Mutu asiseme kwamba freni inatosha. Karavani nyingi zina freni zilizofanywa ili kamioneti iweze kurudi nyuma bila kusumbuka. Zile zinaweza kuacha karavani irudi kidogo mbele ya kushika. Kama mutu yuko nyuma, ile kidogo inatosha kumubana kwenye muti.

Sasa, na sasa tu, unaweza kufungua. Kuna mukono wa chuma wa mbele, ambao wafundi wanauita timoni, na kando yake kuna gurudumu dogo la kuzungusha na manivela. Weka ubao mupana chini ya gurudumu dogo, sentimeta 30 kwa 30, kwa sababu lenyewe ni jembamba na linazama. Lishushe mpaka libebe uzito. Fungua kichwa cha timoni, kisha zungusha manivela timoni ipande mpaka itoke kwa kamioneti. Kamioneti inaondoka mbele polepole. Musibebe timoni na mikono. Uzito wake mara nyingi ni kati ya kilo 50 na 100, na unaubeba ukiwa umeinama, pahali ambapo mugongo hauna nguvu. Ngiri na maumivu ya kiuno vinavyoletwa kwa dispanseri vinaanzia kwa neno moja: «Tushike tu, ni karibu.»

Jambo la tatu ni kusawazisha mbele na nyuma, na hiyo ni rahisi. Weka nivo juu ya timoni ikitazama mbele na nyuma, uzungushe manivela ya gurudumu dogo, upandishe ao ushushe. Basi.

Mwisho ni miguu mine ya pembe. Hapa ninaomba kila mutu asome mara mbili. Miguu ile si kriki. Haikufanywa kuinua karavani. Kazi yake ni kuizuia isiyumbe wakati watu wanatembea ndani. Unaishusha mpaka iguse ubao na ishike, kisha nusu mzunguko, unaacha. Mutu anayetaka kusawazisha karavani kwa kuzungusha miguu ya pembe anapinda chuma cha chini, na siku moja muguu unakunjika wakati mwenzake ameinama kando yake.

Mbele ya miguu ile kushushwa, hakuna kuingia ndani. Karavani iliyofunguliwa ni kama mizani: mutu akipanda akaenda nyuma kutafuta kitanda chake, nyuma inashuka, timoni inaruka juu. Anayepita karibu anapigwa nayo kwa kidevu ao kwa kifua.

Kijana mumoja wa ekipi aliletwa kwetu na vidole viwili vilivyosagika. Kila kitu kilifanywa vizuri siku ile: pahali pazuri, kabari, freni. Ubao tu chini ya gurudumu dogo ulisahauliwa. Mvua ilinyesha usiku. Asubuhi timoni ilikuwa imeshuka, na kijana akatia mukono chini kutoa udongo kusudi aone gurudumu. Likazama tena, sentimeta chache tu. Leo anafanya kazi kwa stoo, anaandika na mukono wa kushoto. Kwa hiyo sheria ni hii: chini ya karavani, chini ya timoni, chini ya kitu chochote kinachobebwa na kriki, hakuna mukono, hakuna muguu, hakuna kichwa. Unatumia fimbo ndefu ao koleo. Kama inafaa kabisa mutu aingie chini, karavani ifungwe tena kwa kamioneti, kabari ziwekwe, na chuma chake kikalie mirundo ya mbao nene iliyopangwa kama kisanduku. Kriki ya mafuta inaweza kupoteza nguvu yake polepole bila mutu kusikia.

Na kama mwenzenu amebanwa? Musimuvute. Kuvuta kunapasua nyama na mishipa. Inueni muzigo. Kriki pahali pagumu, pandisha kidogo, weka ubao, pandisha kidogo, weka ubao, ili kama kriki inateleza, muzigo usimurudie. Mumoja wenu atazame saa tangu mwanzo, na mwingine aite kwa fonii ao kwa telefone. Saa ile tutaiuliza, na sababu ni hii: nyama iliyobanwa muda murefu inafanya sumu, na wakati muzigo unaondolewa, sumu inarudi katika damu, inafika kwa moyo na kwa figo. Mutu anaweza kuongea, kucheka na kuomba sigara, kisha moyo ukasimama. Kwa hiyo aliyebanwa saa nzima ao zaidi anapelekwa hospitali akiwa amelala, hata kama anasema hajambo, na kama daktari anapatikana kwa fonii, musikilize mashauri yake mbele ya kuinua. Mukojo wa rangi ya chai nyeusi ni alama mbaya sana.

Damu inayotoka inazuiwa kwa kugandamiza na kitambaa safi, kwa nguvu, dakika kumi bila kuchungulia. Hakuna kutia majivu, udongo, mazuti wala majani. Kidole kilichokatika kinafungwa ndani ya kitambaa safi chenye unyevu, kinatiwa ndani ya mufuko wa plastiki uliofungwa, na mufuko ndio unaowekwa juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Leteni vyote viwili, mutu na kidole.

Kuna hatari ingine isiyopiga kelele. Karavani ina matundu madogo chini na juu kwa ukuta, na mengine chini kabisa kwa sakafu. Watu wanayaona wanafikiri ni uharibifu. Wanayaziba na matambara juu ya baridi ya mwezi wa sita, ao wanarundika udongo na mbao chini wakisema wanaimarisha karavani. Matundu ya sakafu ni ya gazi ya chupa, ambayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inatafuta njia ya kutoka. Ukiziba, inabaki ndani ikingoja kiberiti. Na mbabula ya makala isiingizwe ndani kamwe, hata kama makala yamekuwa mekundu na hayatoi tena moshi. Makala mekundu yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mutu anasikia kichwa kinauma, anasikia usingizi, analala, na asubuhi wenzake wanapiga mulango bure. Gurupu ya umeme nayo ikae mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi nje ya kambi, si chini ya karavani ili isinyeshewe, kama nilivyoona pahali pamoja.

Wamama, sehemu hii ni yenu. Karavani zinaporudi kutoka porini mara nyingine zinangoja majuma mawili, matatu kwenye uwanja karibu na nyumba. Watoto wanaipenda: chini yake kuna kivuli, timoni ni farasi, manivela ni mashini ya kuchezea. Mutoto wa miaka saba anaweza kuzungusha manivela ile mpaka gurudumu dogo liachie. Mukiona karavani imewekwa pale bila kabari, ao na manivela ikiwa bado mahali pake, mwiteni shefu wa ekipi, hata kama ni jumapili. Manivela inayotoka inapaswa kutolewa na kufungiwa ndani. Isiyotoka ifungwe na munyororo. Na musianike nguo juu ya timoni, maana mutoto mudogo anafuata nguo ya mama yake.

Siku ya kuondoka utaratibu unageuka. Gazi inafungwa kwa chupa, watu wanatoka ndani, miguu ya pembe inapandishwa yote mine. Hesabu kwa sauti. Kamioneti inarudi polepole, timoni inashushwa, kichwa kinashika. Hakikisha kimeshika: jaribu kuinua timoni kwa manivela, na kama nyuma ya kamioneti inapanda pamoja nayo, ni vizuri. Funga munyororo na waya za taa. Pandisha gurudumu dogo, ulikaze. Kisha freni ya mukono inaachiliwa, na kabari zinatolewa mwisho kabisa, na mutu aliye kando, si mbele wala nyuma. Mbao zinapakiwa nyuma ya kamioneti. Vaa glavu za ngozi, na ugeuze kila ubao kwa koleo mbele ya kuushika, kwa sababu nge na nyoka wanapenda unyevu ulio chini yake.